Naomba ushauri: waksi inagoma kukauka, nafanyia nje na baridi ni kali

Mpenda_Mng'ao: Wakuu, habari zenu. Nina gari jeusi, nataka liwe limepigwa polishi na waksi kabla ya Jumamosi. Sina banda, nafanyia nje. Asubuhi kipimajoto kinasoma nyuzi 4, mchana kikijitahidi sana 9. Jana nilianza saa 2 asubuhi. Polishi nzito kama gundi, waksi nayo ikaacha michirizi na ukungu, nikifuta inasambaa tu. Chupa imeandikwa nyuzi 10 hadi 30. Hivi nyuzi chache zikipungua ndiyo shida yote hii? Nisaidieni haraka, usingizi sina.

Mzee_wa_Spana: Kijana, gari ni la kukufikisha uendako. Oil umebadilisha? Breki umekagua? Watu wanang'arisha bodi huku tairi zimekwisha.

Nyota_ya_Jioni: Mzee, kauliza waksi. Mkuu, usitazame joto la hewa peke yake, tazama bati. Usiku bodi inapoteza joto kuelekea angani hadi inakuwa baridi kuliko hewa yenyewe, ndiyo maana unakuta paa lina umande wakati ardhi kavu. Saa 2 ulikuwa unapaka waksi juu ya unyevu usiouona. Subiri saa 6 mchana, chupa uilaze kwenye maji ya vuguvugu, kisha fanya kipande cha ukubwa wa viganja viwili, waksi nyembamba kabisa. Pitisha kidole: pakiacha njia safi, futa, pakichafuka, ngoja. Na uhakikishe umemaliza kabla umande haujarudi jioni.

Dereva_Makini: Maji ya vuguvugu ni kwa chupa tu, jamani! Mimi kioo cha mbele kiliwahi kuganda barafu, nikamwagia maji ya moto nikiwa nachelewa kazini. Kilipasuka toka kona hadi kona, nikasimama na birika mkononi. Mke wangu ananikumbusha hadi leo kila akichemsha maji.

Fundi_wa_Bodi: Mleta uzi, Jumamosi kuna nini? Na michirizi iko gari zima?

Mpenda_Mng'ao: Jumamosi ni mambo ya familia tu. Michirizi ipo sehemu nyingi. Nyota, asante, nitajaribu saa 6.

Fundi_wa_Bodi: Sehemu zipi? Taja.

Mpenda_Mng'ao: Milango ilitoka, ilichelewa tu. Boneti na madigadi ya kushoto ndiyo zimegoma.

Fundi_wa_Bodi: Hizo mbili zimepulizwa rangi lini?

Mpenda_Mng'ao: Siku 9 zilizopita. Lakini ilikuwa ngumu kabisa, hata ukucha hauzami. Aliyepuliza aliniambia wiki moja inatosha. Na nimeshapaka nusu ya boneti, siwezi kuiacha nusu.

Fundi_wa_Bodi: Hilo ndilo lilipaswa kuwa sentensi yako ya kwanza. Ugumu wa juu usikudanganye. Chini ya klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, bado kuna viyeyusho vinavyotafuta njia ya kutoka, na baridi inavichelewesha zaidi. Watengenezaji wengi wa rangi wanataka usubiri siku 30 hadi 90 kabla ya waksi. Ukiziba mapema, rangi inaweza kufifia au kutoa malengelenge. Iliingia tanuri la nyuzi 60, au ilikauka kwa hewa?

Mpenda_Mng'ao: Kwa hewa. Lakini nikiweka tabaka jembamba sana si itapumua? Gari ni la kaka yangu. Nililikwaruza akiwa safarini, anarudi Jumamosi. Nataka alikute linang'aa sawasawa, asione tofauti.

Pambazuko: Hii chai. Mwanzo "nina gari", sasa la kaka. Mwanzo baridi, sasa rangi mpya. Kesho tutaambiwa kaka ni rubani. Watu wanatunga mikasa wapate majibu mengi.

Mzee_wa_Spana: Na mimi naanza kuwa na mashaka. Nani anapiga polishi nyuzi 4?

Mpenda_Mng'ao: Mtu mwenye hofu, Mzee. Sikutaja kwa sababu naona aibu. Nikisugua boneti, kitambaa kinanuka rangi. Ya milango hakinuki. Hilo ningelitoa wapi?

Fundi_wa_Bodi: Namwamini. Harufu hiyo ni viyeyusho vinatoka, naijua miaka yote. Sikiliza: polishi usirudie hapo, inakula klia na klia yenyewe ni maikromita 40 hadi 50 tu, tena bado laini. Hiyo waksi iondoe mchana kwa maji na shampuu ya gari isiyo na waksi, kitambaa cha maikrofaiba, mkono mwepesi. Spiriti na petroli marufuku. Kausha vizuri hata kwenye mipira ya milango, isije ikaganda usiku. Milango, paa na buti endelea nazo.

Mpenda_Mng'ao: Kwa hiyo Jumamosi boneti itaonekana tofauti na milango?

Fundi_wa_Bodi: Inaweza.

Nyota_ya_Jioni: Mpigie leo, ndugu yangu. Asije akaigundua mwenyewe.

Mpenda_Mng'ao: Nimeshaosha boneti, imetoka yote. Kaka nimempigia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mimi niliumia.