Kina Jones wa Wales ni ukoo mmoja au majina tu?

dada_wa_tabora:
Wakuu habari zenu. Jana usiku nilikuwa naangalia mechi ya zamani ya raga, Wales na Ireland, Machi 2005 kule Cardiff, Wales wakashinda 32-20 wakabeba Grand Slam, yaani wameshinda mechi zote za mashindano ya Six Nations. Sasa nacheki kikosi naona Adam Jones, Ryan Jones, Stephen Jones, wote wameanza! Ni ndugu hawa? Na kama kuna kina Jones wengine maarufu wenye asili ya huko nitajieni, kuna mtoto hapa nyumbani anaulizia.

mwana_kilwa:
Sio ndugu dada. Zamani Wales watu wa kawaida hawakuwa na jina la ukoo, walikuwa wanaitana kama sisi huku pwani, fulani bin fulani. Bin yao ni *ap*, binti yao ni *ferch*. Mtoto wa Rhys ni Huw ap Rhys, mtoto wa Huw naye anakuwa ap Huw, yaani jina linabadilika kila kizazi. Halafu mfalme Henry wa 8 akaiunganisha Wales na England kwa sheria za 1536 na 1542, mahakama zikawa za Kiingereza, na karani anataka jina moja lisilobadilika, basi taratibu jina la baba likaganda hapohapo. ap Rhys ikawa Price, ap Hywel ikawa Powell, ab Owain ikawa Bowen, na mtoto wa John akawa Jones. Kina John walijaa kila kijiji ndo maana kina Jones wamejaa. Na alfabeti yao ya asili haina hata herufi J, John wao ni Ieuan au Siôn!

Mimi hili linanigusa kwa sababu babu yangu ni Salum bin Mfaume, baba alipoandikishwa shule wakaandika Mfaume, sasa wajukuu wote tunaitwa Mfaume. Babu Salum aliyetulea hayupo kwenye cheti cha mtu yeyote.

ChaiYaRangi:
Mpe mtoto hii: ile alama ya pai anayotumia kwenye hesabu za duara, wa kwanza kuiandika kwa maana hiyo ni William Jones, mtoto wa mkulima wa kisiwa cha Anglesey, mwaka 1706. Mwanae, William Jones vilevile, akawa jaji Calcutta na 1786 akasema Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini lazima vimetoka chimbuko moja. Baba hesabu mwana lugha, nawapenda sana hawa wawili.

Kwenye muziki kuna Tom Jones wa Pontypridd ila yeye kazaliwa Woodward, Jones ni upande wa mama. Na David Bowie jina lake la kuzaliwa ni David Jones, akabadilisha asichanganywe na Davy Jones wa bendi ya The Monkees, halafu mwanae Duncan anayeongoza filamu karudi kujiita Jones.

mwalimu_mstaafu:
Mmemsahau aliyetugusa sisi moja kwa moja. Thomas Jesse Jones, mzaliwa wa Wales, akahamia Marekani akiwa mtoto. Mwaka 1924 ndiye aliyeongoza ile tume ya Phelps-Stokes, mfuko wa hisani wa Marekani, iliyopita Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kuangalia elimu ya Mwafrika. Alikuwa na James Aggrey, msomi na mwalimu wa Ghana, ndo huyo mwenye mtaa pale Kariakoo. Ripoti ikasisitiza kilimo, afya na kazi za mikono. Kilimo sikipingi, nimefundisha miaka mingi na shamba la shule nalijua faida yake, lakini mtu mwingine kukupimia akili yako ifike wapi hilo linaniuma mpaka leo, na wazazi wa wakati ule walikuwa wanataka watoto wajue Kiingereza na hesabu kama wengine.

dada_wa_tabora:
Asanteni sana jamani, mwalimu shikamoo. Mtoto kashaandika ya pai. Ila anauliza, sasa kijijini wakijaa kina Jones wanaitanaje?

mwana_kilwa:
Kwa kazi. Muuza maziwa ni Jones Maziwa, mleta barua ni Jones Posta. Kama sisi tu, mtaani kwetu kuna Juma Mkaa na Juma Baiskeli na ukiuliza Juma peke yake hupelekwi popote.