Msaada: ETS2 imejiapdeti yenyewe, basi langu limepotea na modi mpya hazionekani

dereva_wa_sinza
Wakuu habari za jioni, nimekwama tangu juzi naombeni msaada. Nacheza Euro Truck Simulator 2 (ETS2), ile gemu ya kuendesha malori, kwenye laptop yuzdi niliyochukua Kariakoo, nilikuwa na basi la modi (nyongeza wanazotengeneza watu wengine) la kwenye Workshop ya Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, kali kweli, ukilitazama unasema hili linaenda Mbeya. Sasa juzi nimejiunga bando la usiku nikawasha Steam nidanlodi kitu kingine kabisa, kuja kushtuka gemu imeshajiapdeti. Nafungua inaniambia kuna modi haziendani na toleo, nikalazimisha, ikapakia kidogo ikanitema nje. Nikaona isiwe tabu nikatafuta basi jingine mtandaoni, nikadanlodi, nikaenda Documents kama video zinavyoelekeza, folda ya Euro Truck Simulator 2 sikuiona nikaitengeneza mwenyewe na ndani nikaweka folda ya mod, faili nikaitupia humo. Nikifungua Mod Manager, pale gemu inapoorodhesha modi, hakuna kitu. Nimerudia mara nne. Je nifute gemu nianze upya? Nina gereji saba humo jamani, roho inaniuma.

konda_mstaafu
Gereji saba halafu asubuhi unagombania mwendokasi 😂😂 pole sana mkuu. Ngoja wajuzi waje.

mbagala_gamer
Futa weka upya, mimi ilinisaidia

fundi_wa_usiku
Usifute kitu dogo, gemu hiyo ni gigi zaidi ya kumi, utaunguza bando bure na tatizo utalikuta palepale maana halipo kwenye gemu. Una matatizo mawili ila umeyafunga kwenye kifurushi kimoja.

La kwanza ni hilo la folda. Umesema folda ya Euro Truck Simulator 2 umeitengeneza mwenyewe, hapo ndo nimeshtuka, kwa sababu gemu ikishawaka hata mara moja inajitengenezea folda yake, sasa kama hujaiona maana yake uko Documents nyingine. Laptop nyingi za siku hizi aliyeweka Windows anakuwa ameacha OneDrive imewashwa, basi Documents inahamia ndani ya folda ya OneDrive, na ile ya zamani inabaki ipoipo tu. Tafuta kwenye kompyuta faili inaitwa game.log.txt. Hiyo gemu inaiandika upya kila ikiwaka, kwa hiyo ile yenye saa ya leo, folda ilipo ndo nyumbani kwa gemu, modi ziweke kwenye mod ya humo. Halafu angalia ulichodanlodi kinaishia na nini, kama ni .rar gemu haiisomi, fungua mpaka uone .scs, hiyo ndo modi yenyewe. Wengine wanafungasha kifurushi ndani ya kifurushi kama maandazi ya safari.

La pili ni basi la zamani. Modi inatengenezwa kwa toleo fulani, SCS, wenye gemu, wakipandisha namba ya toleo vitu vya ndani vinabadilika na aliyetengeneza basi inabidi alirekebishe, na yeye ni mtu tu ana kazi zake. Ukitaka kurudi nyuma, kwenye Steam bofya gemu kulia, Properties, Betas, utakuta matoleo ya zamani majina yanaanza na temporary, chagua lile la basi lako. ILA kabla hujagusa kopi folda ya profiles, yenye sevu zako, uweke pembeni, sevu iliyokwisha kufunguliwa na toleo jipya usitegemee la zamani litaielewa.

mama_wawili_tz
Naongezea, siku nyingine ukitaka kutoa modi ya gari unaloendesha kwanza panda gari la kawaida la gemu, sevu, ndo utoe. Mdogo wangu alitoa hivihivi akakaa wiki anahangaika na profaili haifunguki. Na kwenye Steam weka gemu ijiapdeti pale tu unapoifungua, isikuvizie usingizini.

dereva_wa_sinza
Fundi heshima yako!! Ni OneDrive kweli, game.log.txt ya leo nimeikuta huko na folda ya mod ipo tupu inanisubiri, kumbe mimi siku zote nilikuwa najaza kabati la jirani. Na faili ilikuwa .rar, ndani yake kuna zip, ndani ya zip ndo .scs. Sasa hivi basi linaonekana kwenye Mod Manager. Ila nikiliwasha pamoja na ramani niliyoongeza inakufa kabla sijafika gereji.

fundi_wa_usiku
Fungua hiyo log shuka mpaka mwisho, soma mistari yenye ERROR ya karibu na mwisho, inataja nini?

dereva_wa_sinza
Inataja jina la ramani mara kibao, basi halitajwi popote

fundi_wa_usiku
Basi mwachie basi, mshtakiwa ni ramani. Hiyo ya toleo gani? Na inadai DLC gani, yaani zile nyongeza rasmi za kununua, unazo zote? Ramani kubwa nyingi ukikosa DLC moja tu hazikubali.

dereva_wa_sinza
Dah. Inadai ya Skandinavia na mimi sina 🙈 nimeizima ramani, basi limewaka, sasa hivi niko barabarani Ujerumani mvua inanyesha.

konda_mstaafu
Kuna siti? Mimi nashukia Chalinze