Tulichangishwa zahanati, boma limeishia kwenye lenta. Pesa ya kumalizia iko wapi?

Wakuu, nina hasira na sitazunguka. Sisi wa huku milimani Mwanza, tunaoishi kwenye nyumba zilizopachikwa juu ya mawe, tumechoka kuchangishwa.

Tuliambiwa tuanze kwa nguvu zetu, serikali itamalizia. Tukaanza. Kila kaya ilitoa elfu kumi, na asiyekuwa nayo alibeba mchanga kichwani kutoka barabarani, maana lori halifiki. Kokoto waligonga akina mama kwa nyundo, mawe hayahaya ya mlimani. Boma, yaani kuta bila paa, likasimama hadi lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, basi. Nondo zilizochomoza juu zimeota kutu, chumba kilichopangwa kuwa cha kujifungulia kina majani ya kufika kiunoni, na usiku vijana wanavutia bangi humo. Ukiuliza ofisi ya mtaa, subirini bajeti. Ukiuliza kwa diwani, mhandisi hajaja kukagua. Mapato na matumizi hatujawahi kusomewa hata siku moja.

Ule mpango wa afya ya msingi wa 2007 hadi 2017 ulisema zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Sisi ni mtaa, si kijiji, kwa hiyo anayekaa na ramani mezani anaona Bugando, anaona Sekou Toure, anasema hawa wana hospitali. Bugando tunaiona kwa macho kutoka huku. Lakini ile ni hospitali ya rufaa ya kanda, si mahali pa bibi kwenda kupima presha kila mwezi.

Juzijuzi jirani yangu alishikwa uchungu usiku. Bodaboda hapandi huku, bajaji ndiyo kabisa. Wanaume wanne walimkalisha kwenye kiti cha plastiki wakamshusha kwenye mawe, mmoja ametangulia anamulika kwa simu, manyunyu yanaanguka, na kila wakiteleza mama wa watu anawang'ang'ania mashati. Alijifungua salama. Hapo wa kushukuriwa ni Mungu na wale vijana, asije kiongozi akajisifia. Sera inasema mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano wanatibiwa bure. Bure hiyo inamsaidia nini anayeweza kujifungulia njiani?

Na chakula ni hivyohivyo. Ziwa liko chini yetu, lakini minofu ya sangara inakwenda Ulaya, mabondo, yaani vifuko vya hewa vya samaki, yanakwenda China, sisi tunabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Dagaa ndiye aliyekuwa mkombozi: analiwa mzima na mifupa yake, ana madini ya chuma na chokaa, mtoto anajengeka. Siku hizi hata huyo tunamgombania na watengeneza chakula cha kuku. Anayetufikia ni yule aliyeanikwa mchangani, ukitafuna unasikia chengachenga kwenye meno. Mchicha ukifika genge la huku umeshanyauka na bei imepanda, kwa sababu kuna mtu kaubeba mgongoni. Watoto wanashindia andazi na chai ya rangi.

Hatukukaa tukilia tu. Kikundi chetu cha akina mama kiliomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Haina riba, na ipo kisheria, si fadhila ya mtu. Tuliomba friza, mizani na banda, tuuze hukuhuku juu samaki wabichi, dagaa wa kuanikwa kwenye chanja na mboga za siku hiyohiyo. Mwaka 2023 mikopo ikasitishwa nchi nzima, tukaelewa. Iliporudishwa 2024 tukapeleka faili upya: katiba, muhtasari, akaunti ya benki, kila kitu. Tukajibiwa kwa mdomo, bila barua, kwamba genge la mboga na samaki halina tija, bora tungeomba pikipiki. Pikipiki! Kwenye mlima ambao mjamzito anashushwa kwa kiti!

Ushuru wa samaki unakusanywa kule soko la samaki la Mwaloni Kirumba tangu alfajiri, na vibarua wengi wanaobeba hizo tenga ni waume zetu na watoto wetu. Tunachotaka ni kidogo sana. Boma lipigwe bati kabla mvua hazijalimaliza. Matumizi ya michango yabandikwe ubaoni. Kikundi chetu kikikataliwa, kikataliwe kwa barua yenye sababu na sahihi, tujue pa kukata rufaa.

Wale ambao boma la mtaa wenu lilimaliziwa, mlimbana nani: mtendaji, diwani au mkurugenzi? Barua mliiandikaje, na nakala mlipeleka wapi? Niwekeeni hapa kabla ya Jumamosi. Siku hiyo kuna mkutano wa mtaa, na safari hii hatunyanyuki mpaka daftari la michango liwekwe mezani.