Mjadala: Mlenga shabaha akivuka digrii 90, atolewe palepale au aonywe kwanza?

Wakuu, habari za Kusini.

Kuna ubishi umezuka hapa Mtwara baada ya mashindano ya kirafiki ya bastola, wenye leseni tu. Jamaa mmoja alitoka Masasi, karibu kilomita 200, kalipa kiingilio, risasi kanunua kwa bei mnayoijua. Kituo cha kwanza tu, akikimbilia kushoto huku anabadilisha magazini, mtutu ukageuka ukapita usawa wa digrii 90 kutoka uelekeo wa tuta, ule ukuta wa udongo unaopokea risasi. Msimamizi akapaza sauti: "Simama!" Bastola ikakaguliwa, ikaonyeshwa kuwa chemba ni tupu, ikarudi kwenye ala, na jamaa akaambiwa mashindano yake yameishia hapo. Yote, si kituo kile tu.

Hakuna risasi iliyotoka, hakuna aliyeguswa. Ndiyo maana watu wamegawanyika. Wengi wanasema angepewa onyo kama kadi ya njano. Mimi nasema alitolewa kwa haki.

Kanuni zilizotumika ni za IPSC, shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha, lililoanzishwa Marekani mwaka 1976. Chini ya kanuni hizi, mpaka mtu apigwe inabidi makosa mawili yakutane: mtutu uelekee watu, na kidole kiwe kwenye kifyatulio. Likitokea moja peke yake, kila mtu anarudi kwake mzima. Sasa ukisubiri la pili ndipo uadhibu, utakuwa unaadhibu mbele ya maiti. Kadi ya njano inafaa mpira kwa sababu hata rafu ya pili kwa kawaida huishia kwa mtu kuchechemea.

Na tusidanganyane kwamba onyo halipo. Msimamizi anamfuata mlengaji hatua kwa hatua, na anaruhusiwa kumpigia kelele "Mtutu!" au "Kidole!" anapoona mambo yanaelekea kubaya. Onyo ni la kabla ya kuvuka digrii 90. Kwa anayeshika kwa mkono wa kulia, kukimbilia kushoto ndiko kwenye mtego: mwili umetazama kushoto, na akiinua bastola kifuani achomeke magazini, mtutu unaifuata njia anayokimbilia na kuliacha tuta. Anayefanya mazoezi analijua hilo, anaukaza mkono mpaka mtutu ubaki kwenye tuta hata kama mwili unakataa.

Nyingine inayowakera watu: ukidondosha bastola tupu ukiwa pembeni, zamu yako haijafika, si kosa. Ukiiokota mwenyewe, umetolewa. Mwite msimamizi, yeye ndiye anaiokota na kuikagua. Mtu mzima kusimama kuilinda bastola yake chini kama kuku aliyeatamia inachekesha kidogo, lakini ndivyo inavyotakiwa.

Karibuni, tubishane kwa hoja.

Mkulima wa Nachingwea: Mkuu, kwa bastola nakuelewa. Ila mnaandika kama watu wa mjini. Huku silaha ni gobore, la nguruwe pori wasimalize mihogo. Likishashindiliwa baruti na goroli, njia ya kawaida ya kulitoa ni kulipiga. Hiyo ya kuonyesha chemba tupu tutaionyeshaje? Na mtu akitolewa gobore likiwa limeshindiliwa, anaondokaje nalo?

Mwenye mada: Swali zito, mzee wangu. Gobore bila fataki, kile kidude kidogo cha kuwashia baruti, halijawa tayari kulia. Basi fataki zikae mezani kwa msimamizi, ipachikwe mlengaji akiwa mstarini na mtutu ukitazama tuta. Akitolewa, alipige hapohapo kwenye tuta chini ya usimamizi, ndipo aondoke. Ila magobore na bastola kituo kimoja, hapana.

Dada wa Shangani: Mnambishania mlengaji, watazamaji je? Nilikuwepo. Watoto walikuwa wanakimbilia maganda ya risasi kabla uwanja haujatangazwa salama, na hakuna hata mmoja aliyeziba masikio. Mngeanza na kamba na mtu wa kuisimamia.

Mwenye mada: Dada, hapo sina utetezi. Kamba iwepo, na asiye na miwani na vizibo asiivuke, hata awe mgeni rasmi.

Msema Kweli wa Lindi: Mimi sipingi kutolewa. Napinga jicho. Digrii 90 anaiona msimamizi mmoja, kwa sekunde moja, mlengaji yuko mbioni. Je, akivuka shemeji yake atamtoa? Huku tunajuana wote.

Mwenye mada: Kama hana uhakika, asimtoe. Nami nataka wasimamizi wawili kila kituo, mmoja atoke wilaya nyingine, na nauli yake iingizwe kwenye kiingilio.

Msema Kweli wa Lindi: Kiingilio kikipanda watabaki wenye pesa za korosho tu.

Mkulima wa Nachingwea: Acha kiingilio kipande. Nauli ya basi la Nachingwea mkiigawana wote, itafika hata bei ya risasi moja? Fanyeni hesabu vizuri.