Filamu si mali ya VJ! Uganda tumewafuta waigizaji na hakuna anayesema

Wadau, salamu kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha.

Ingia laibrari yoyote ya filamu, yaani duka la kunakili filamu, hapa Kampala, iwe Ndeeba, Katwe au Kisenyi, uombe filamu ya Daniel Kaluuya. Kijana aliye kwenye kompyuta atakuuliza, "Ya VJ gani?", yaani yule anayetafsiri filamu kwa kuongea juu ya sauti yake. Mtajie mwigizaji mara ya pili, atarudia swali lile lile. Mafaili yote yamepangwa kwa majina ya ma-VJ. Makaratasi ya ukutani yana jina la VJ kwa herufi kubwa, na chini yake uso wa Denzel Washington usio na jina. Denzel huyu ana Oscar mbili, moja ya Glory na nyingine ya Training Day. Kwetu amekuwa picha ya kutangazia biashara ya mtu aliyekaa na maikrofoni chumbani.

Mimi nimekulia kambi ya polisi ya Nsambya. Watoto wa Kiacholi, Kiteso, Kilugbara na Kinyankole tulikuwa kitu kimoja kwa sababu ya Kiswahili, na pesa ikipatikana tulijazana kwenye kibanda cha video. VJ alikuwepo hata wakati huo. Lakini ubishi wetu njiani ulikuwa wa waigizaji. Nani staringi mkali, nani adui anayetisha zaidi. Watu walinuniana kwa ajili ya Bolo Yeung wa Bloodsport, wengine wakisema bila yeye Van Damme asingeonekana shujaa. Nami nasema hivyo mpaka leo. Adui akiwa mnyonge, staringi hana kazi. Hata asiyejua kusoma alimjua Bolo kwa jina. Leo vijana wanabishana ni VJ yupi anachekesha. Filamu yenyewe hawaizungumzii.

Kilichonifikisha hapa ni Get Out ya mwaka 2017. Kaluuya amezaliwa London na wazazi wake wametoka Uganda, kwa hiyo nilitaka kumtazama pamoja na jamaa zangu nyumbani. Nikachukua kopi iliyotafsiriwa Kiluganda kwenye laibrari ya karibu. Sasa sikilizeni. Mwanzoni mwa filamu ile, majina yakipita, kuna wimbo wa Kiswahili. Michael Abels aliyetunga muziki wake aliweka sauti za wahenga zikimwambia ndugu yao asikilize, akimbie, ajiokoe. Mmarekani aliyekaa ukumbini kule kwao anasikia muziki wa kutisha tu. Sisi tunaelewa kila kitu! Sisi ndio watu pekee duniani tunaoonywa mapema pamoja na yule kijana, kabla hajafika kwenye nyumba ya wazazi wa mchumba wake. Zawadi ya namna hiyo watazamaji wa Kiswahili tunaipata mara ngapi kutoka Hollywood?

VJ ameongea juu ya wimbo mzima. Ametaja jina lake, ametaja namba ya simu ya studio, amesalimia rafiki zake wa mtaani. Alipomaliza salamu wimbo ulikuwa umekwisha, na jamaa zangu hawakujua hata kwamba Kiswahili kimepita pale.

Nikasema sawa, tuvumilie. Ikafika sehemu ya kikombe. Mama wa mchumba anakoroga chai, kijiko kinakwaruza ukingo wa kikombe, na Kaluuya amekaa kitini mwili umemfa ganzi. Macho yamekodoka, machozi yanashuka yenyewe, mdomo uko wazi na hakuna anachoweza kufanya. Anarudishwa kwenye usiku ambao mama yake hakurejea nyumbani, naye mtoto akabaki mbele ya televisheni bila kumpigia mtu simu. Kazi yote ya uigizaji pale iko usoni na kwenye mlio wa kijiko. Kwa kazi ile alipendekezwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, na mwaka 2021 akaja kubeba Oscar ya mwigizaji msaidizi kwa Judas and the Black Messiah. Kwangu mimi hakuna uso wa kijana mweusi uliopigwa picha vizuri zaidi kwenye filamu za miaka hii. VJ wetu hakunyamaza hata kidogo. Alitueleza kwamba kijana analia. Tunamwona kwamba analia! Kijiko hatukukisikia, na bila kijiko ile sehemu haipo.

Anayejua kazi hii anajua kwa nini inakuwa hivyo. VJ ana maikrofoni na mikisa, na kila anapofungua mdomo sauti ya filamu inashushwa. Kwenye filamu ya bunduki na magari huenda usipoteze mengi. Lakini mwigizaji mkubwa anafanya kazi kwenye pumzi, kwenye kusita, kwenye jibu linalochelewa. Forest Whitaker alijifunza Kiswahili na kupiga kodiani ili amcheze Idi Amin kwenye The Last King of Scotland. Sikiliza anavyoanza sentensi akicheka na kuimaliza akiwa amekasirika, na hujui ni wapi amegeuka. Umshushie mtu huyo sauti halafu useme umeonyesha filamu yake? Umeonyesha mwili wake tu.

Msiniletee habari kwamba nachukia ma-VJ. Kazi yao ina ustadi na wapo wenye kipaji kikubwa. Kule Wakaliga, Isaac Nabwana alipotengeneza Who Killed Captain Alex?, filamu ya mwaka 2010 iliyofanya watu wa mbali waitaje Uganda, VJ Emmie alitia maneno yake na yakawa sehemu ya filamu yenyewe. Ukiyaondoa, utamu unapungua. Nakubali kabisa, kwa sababu pale aliyetengeneza filamu ndiye aliyetaka iwe hivyo, na waigizaji wale ni watu wa mtaa ule ule wanaojua mchezo unavyochezwa. Jordan Peele, mwongozaji wa Get Out, hakumwomba mtu wa Kampala asalimie rafiki zake juu ya wimbo wake.

Na kama tunawafanyia hivi wenye Oscar, fikirieni tunavyowafanyia wa nyumbani.

The Last King of Scotland ya mwaka 2006 wengi wenu mmeitazama mpaka mnaijua kwa moyo. Ilipigwa hapa hapa kwetu. Haya, bila kugusa simu, nani alicheza Masanga, yule mtu wa usalama wa Amin? Ni Abby Mukiibi. Ni mtu wa jukwaa na wa redio, wengine mnaisikia sauti yake kila siku na bado hamkumtambua. Hana maneno mengi kwenye filamu ile. Anaingia, anasimama, anatazama, na wewe uliye kwenye kiti unaanza kutafuta mlango ulipo. James McAvoy amepewa filamu nzima, lakini hofu tunayoisikia kuhusu serikali ile, nusu yake inatoka kwa Mukiibi. Waziri Wasswa je? Stephen Rwangyezi, mzee aliyeanzisha Ndere Troupe mwaka 1984. Mzee huyu ameitembeza ngoma ya Uganda duniani, na ndani ya filamu ya Oscar anacheza mtu mwenye heshima anayejua kwamba mwisho wake umekaribia. Nimeona humu watu wakiorodhesha waigizaji wa filamu ile. Whitaker, McAvoy, Kerry Washington, basi. Mganda hata mmoja hayumo kwenye orodha ya Waganda!

Tukubali kwamba dunia nayo haijawahi kutuamini. Baada ya makomandoo wa Israeli kuvamia Entebbe mwaka 1976 kuokoa mateka, Wamarekani walitoa haraka filamu mbili za televisheni. Kwenye moja Amin ni Yaphet Kotto. Kwenye nyingine alikuwa acheze Godfrey Cambridge, akafariki kazini wakati wa kupiga picha, nafasi akapewa Julius Harris. Mwaka 1981 akaja Joseph Olita, Mkenya, kwenye Rise and Fall of Idi Amin, naye mwongozaji Mira Nair akamrudisha kwa Amin yule yule kwenye Mississippi Masala ya mwaka 1991. Halafu Whitaker. Halafu mwaka 2018 Nonso Anozie wa Uingereza, kwenye filamu iliyopigwa Malta! Katika hawa wote hakuna Mganda. Kwangu Whitaker ndiye mwigizaji mkubwa kuwapita wote, lakini Olita ndiye niliyemwogopa, kwa sababu anatembea na kucheka kama wazee wenye vyeo niliowaona kambini nikiwa mdogo. Wanaosema ile filamu ya 1981 ni ya hovyo wana haki yao, mambo mengi yametiwa chumvi. Olita hana lawama hapo. Naye ukimtaja laibrari wanakutazama tu.

Sasa ngoja niseme la Tanzania, maana hapo ndipo moyo unaniuma zaidi. Majirani zetu wanazitaja filamu kwa waigizaji. Filamu ya Kanumba. Filamu ya Ray. Filamu ya Mzee Majuto. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, Dar es Salaam ilisimama, watu walifurika Leaders Club mpaka wengine wakazimia, akazikwa Kinondoni kama mtu wa taifa. Hata sisi huku Nsambya tulilia. Watu waliokuwa wakimjua kwa kanda tu walikaa kimya sebuleni jioni ile.

Februari 2020 alifariki Nikita Pearl Waligwa. Mnamkumbuka? Ndiye aliyecheza Gloria kwenye Queen of Katwe, filamu ya Mira Nair kuhusu Phiona, msichana wa Katwe anayecheza chesi. Gloria ni yule mtoto mdogo mwenye mdomo anayemfundisha Phiona kwamba kwenye chesi kidogo kinaweza kuwa kikubwa. Alikuwa na miaka 15. Uvimbe kwenye ubongo. Alipougua mara ya kwanza, Mira Nair ndiye aliyehangaika kuomba watu wachange akatibiwe India. Mtoto wetu, aliyesimama na Lupita Nyong'o na David Oyelowo ndani ya filamu ya Disney na hakumezwa! Mtazameni tena pale anapofundisha, hakuna hata dalili ya mtoto anayekariri. Siku alipofariki nilizunguka laibrari za mtaani kwetu nikiomba Queen of Katwe, na hakuna aliyejua ninamwombolezea nani. Waliniuliza ya VJ gani.

Banange, tuna nini sisi?

Na Madina Nalwanga aliyecheza Phiona na kubeba filamu ile yote akiwa mtoto asiyewahi kucheza filamu, nani anamtaja leo? Lupita yuko vizuri pale, sibishi. Lakini Lupita alikuwa na shule ya uigizaji ya Yale na Oscar kabatini. Nalwanga alitolewa kwenye darasa la kucheza ngoma hapa Kampala akawekwa mbele ya kamera, na ukitazama anavyotulia mbele ya ubao wa chesi, yule mkubwa ndiye anayeonekana kujitahidi.

The Girl in the Yellow Jumper ya Loukman Ali ndiyo filamu ya kwanza ya Uganda kuingia Netflix. Sote tulishangilia kwamba Uganda imeingia Netflix. Michael Wawuyo Junior aliye ndani yake hatukumshangilia. Maurice Kirya walimtaja kidogo kwa sababu ni mwimbaji. Wawuyo ana kitu ambacho vijana wengi wa filamu zetu bado hawana: anajua kumsikiliza mwenzake. Mwenzake anapoongea, yeye bado anacheza. Wengi wa kwetu wanasubiri zamu yao ya kupiga kelele, na sishangai, kwa sababu wamelelewa na filamu ambazo ukimya wote umejazwa na VJ.

NYONGEZA, baada ya majibu ya kwanza:

Ndugu uliyesema watu wetu hawajui Kiingereza, mama yangu mwenyewe hakijui. Amezipenda filamu kwa sababu ya ma-VJ na ninawashukuru kwa hilo. Ninachotaka ni VJ anayejua kunyamaza. Eleza maneno yanaposemwa, kisha umwache mwigizaji alie, apumue, aimbiwe wimbo wake. Salamu na namba za simu ziwekwe mwishoni.

Afande uliyeuliza kwa nini nisitafute kopi zisizotafsiriwa, nimezitafuta. Laibrari nyingi za mtaani kwangu hazina, wanasema hazitoki. Na hata nikizipata mimi, yule mtoto wa Nsambya anayejifunza leo filamu ni nini atazipata wapi?

Dada uliyeandika kwamba waigizaji wa Uganda hawajulikani kwa sababu ni wabaya, taja filamu tatu za Uganda ulizozitazama mpaka mwisho, na useme nani alicheza nini. Kisha tutabishana vizuri.

Wengine wote, ombi langu ni moja. Kwenye uzi huu taja mwigizaji, taja filamu, taja sehemu iliyokushika. Wa Uganda wawe wa kwanza. Anayekuja kuniuliza "ya VJ gani" simjibu.