Friza ya samaki inaota barafu kwa sakafu na dari, na mlango umekataa kufunguka ukiwa ndani. Msaada

MbutaStoo_Kisumu
Wadau habari zenu. Mimi ni supavaiza kwa stoo ya samaki hapa Kisumu, tunaweka minofu ya mbuta na ngege kiasi. Tangu mvua ianze barafu inaota sakafuni karibu na mlango na chini ya feni, na sasa naona weupe kwa dari pale paneli zinapokutana. Friza inafaa ikae -18 lakini ikifika saa nane mchana ile saa ya kupima joto ya mlangoni inasoma -12, usiku inarudi. Wiki jana kijana wetu aliteleza akiwa na katoni begani akaumia mkono. Tajiri anasema tuigonge na bisibisi tuendelee na kazi. Halafu juzi mimi mwenyewe nilijifungia ndani, kishikio cha ndani kikakataa kusukumika mpaka mtu wa kupita akasikia nikipiga mlango. Niliogopa sana. Nianzie wapi?

FundiBaridi_Nax
Pole kaka, na pole kwa huyo kijana pia. Anza na mlango, leo, kabla ya kitu kingine chochote. Kishikio kimegandishwa, mara nyingi ni ile waya ya kupasha joto kwa fremu imekufa ama raba imechanika hewa ya ziwani inaingia na unyevu wake na kuganda hapo hapo. Mpaka kitengenezwe hakuna mtu kuingia peke yake, mmoja abaki nje. Mkishakitengeneza, kila asubuhi mtu ajaribu kukifungua kutoka ndani mlango ukiwa umefungwa kabisa, mwingine akiwa nje. Weka shoka ndani na kengele inayolia ofisini, na kengele ikae chini mahali mtu aliyeanguka anaifikia.

Bisibisi weka mbali kabisa. Mabomba ya evapureta, ile koili ya kupoza iliyo kwa feni, ni membamba, ukitoboa moja gesi inamwagika ndani ya chumba kilichofungwa. Soma kibao cha mashine ujue ni gesi gani. Kama ni R404A, hiyo haina harufu ya maana ya kukuonya na ni nzito kuliko hewa, inalala chini inasukuma oksijeni, mtu anazimia akiwa ameinama kuokota katoni na mwenzake akikimbia kumuinua anazimia pia. Kama ni amonia utaijua mara moja, inachoma macho na koo, ikifika sehemu 300 kwa milioni ya hewa tayari uhai uko hatarini. Kwa zote mbili mnatoka nje, hamrudi kuokoa mtu bila mtungi wa hewa.

Barafu ya chini ya feni hiyo ni shida ya difrosti, yaani mashine inapoyeyusha barafu ya koili. Maji ya kuyeyusha yanafaa yatoke kwa bomba la nje, lakini hita ya bomba ikiungua yanaganda njiani, trei inajaa, inamwagika sakafuni. Kabla fundi aguse feni azime swichi kuu aifunge na kufuli, ufunguo ukae kwa mfuko wake mwenyewe.

MbutaStoo_Kisumu
Asante fundi. Sasa si tumwage maji moto sakafuni iyeyuke haraka?

FundiBaridi_Nax
Usijaribu. Ule mvuke unapanda unashika dari na koili unakuwa barafu mpya. Hamisha mzigo, zima, acha iyeyuke, kausha na vitambaa ndio uwashe.

NyarWinam
Mimi niko upande wa ubora wa samaki, acha niongeze. Hiyo saa ya mlangoni inasoma hewa, samaki hujamsoma. Toboa katikati ya block moja ya samaki walioganda na drili safi, ingiza thamometa, ndio utajua mzigo umefika wapi, na chukua kutoka katoni za mlangoni na za katikati zote mbili. Ikiwa samaki amelegea kisha akaganda tena usiku kila siku hivo, nyama inatoa maji na mnunuzi ataona tu akiyeyusha. Pia niambie ukweli kaka, mchana mnaingiza samaki ambaye hajaganda? Kwa sababu hiyo friza ni ya kuweka, haina nguvu ya kugandisha. Nimeona watu wakileta tani moja ya samaki wa kwenye barafu saa sita wakaiweka humo halafu wanalaumu mashine. Na katoni zisibanane na ukuta ama kuziba feni, baridi inatembea na hewa, isipopita haifiki. Andika joto asubuhi, mchana na jioni. Tajiri akiona kwa kitabu jinsi joto la saa nane linavyopanda kila siku hatabishana na wewe.

Paneli_Eldy
Kuhusu dari wengi hawachukulii kwa uzito lakini mimi ndiyo ingenikosesha usingizi. Weupe kwa maungio maana yake silanti, ile gundi ya kuziba maungio, imepasuka na hewa yenye unyevu inaingia kutoka juu. Ikiingia ndani ya povu la paneli inaganda, paneli inakuwa nzito kila mwezi na haizuii joto tena. Nimeona dari imejikunja katikati kwa sababu hiyo. Panda juu ya dari uangalie, lakini usikanyage paneli kabla hujajua zinabeba, tumia ubao juu ya mihimili. Ukiona barafu huko juu toa watu chini yake.

MbutaStoo_Kisumu
Nimerudi. Dada NyarWinam ulisema kweli, vijana wa zamu ya mchana walikuwa wanaingiza ngege moja kwa moja kutoka kwa makreti, nimesimamisha. Katoni ya mlangoni katikati ilisoma -9, ya ndani -17. Hita ya bomba imeungua kama fundi alivyosema, na waya ya fremu imekatika. Tajiri amekubali kununua zote mbili baada ya kumfungia ndani dakika moja, mimi nikiwa nje nimeshika mlango na yeye akijua, ajaribu kishikio mwenyewe. Kesho tunahamisha mzigo. Paneli_Eldy, juu ya dari nimeona barafu urefu wa kama hatua nne kando ya ungio moja, pale chini nimeweka kamba watu wasipite. Hiyo paneli inakaushika ama ni ya kubadilisha?

Paneli_Eldy
Igonge ikishayeyuka. Ikilia nzito kama gunia lenye maji, badilisha.