Mrejesho: nimebadilisha prosesa, gemu zimetulia

Wakuu, niliuliza kama nitoe prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Ryzen 5 3600 niweke Ryzen 7 5800X3D au nijichange ninunue mashine mpya kabisa, basi nimeweka hiyo 5800X3D kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) yangu ileile ya B450 maana zote ni soketi AM4, yaani prosesa zote mbili zinaingia tundu lilelile, ila hakikisha umeapdeti BIOS (programu ya mazabodi inayowasha kompyuta) kabla hujachomoa prosesa ya zamani la sivyo kompyuta haiwaki. Kule kugandaganda kwa gemu watu wakijaa kwenye mechi hakuna tena, kashe (memori ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya MB 96 inasaidia kweli aisee. Ukicheza 4K (picha kali sana) na setingi zote juu tofauti ni ndogo sana, pale kadi ya grafiki ndo inaamua. Prosesa hii inachemka lakini, nimefunga feni kubwa zaidi. Asanteni sana mlioniambia nisibadilishe kila kitu.